Chumvi ya Ijumaa

Mbwera, 19 Januari 2025

Mdogo wangu Tamimu,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima, kasoro goti langu, ambalo likiona wingu tu linaanza kulia. Mwanangu Mudrick amerudi kutoka Kiongoroni na sasa analala hapa nyumbani, alhamdulillahi, maana tangu baba yake afariki nyumba hii ilikuwa na mwangwi. Jirani yetu Kuruthumu anakusalimu. Wifi yangu Warda hajambo? Na mwanenu Tasnim meno ya mbele yameshaota? Ulisema utakuja mwezi huu, na mwezi wenyewe unakwisha.

Wabaadu. Nakuandikia kwa sababu simu ya huku unaijua, unasikia "kata" husikii kata nini. Kile kisanduku ulichotufungia mlangoni mwa mfereji kinatuaibisha. Siku ile ulisema mbele ya watu wote: taa ya kijani, maji matamu, fungueni mlango mpunga unywe, taa nyekundu, chumvi imepanda kutoka baharini, fungeni. Watu wakakupigia makofi. Na kweli mwanzo kilikwenda vizuri.

Lakini juzi Ijumaa, watu wanatoka msikitini, wakakuta kinawaka nyekundu. Mzee Abdulswamadu akakimbia na kanzu yake kufunga mlango. Akachota maji kiganjani akayaonja, matamu! Taa ilipokuja kurudi kijani maji yalishaanza kupwa, hayafiki tena mlangoni, na mashamba yote ya mfereji ule yakakosa kunywa. Akaniambia wanawake wenzangu wakisikia, "Mwanaharusi, mwambie nduguyo kipimo chake kina mapepo." Wakacheka.

Shamba ni la baba yetu, na kipimo ni chako. Fanya kitu.

Dada yako,
Mwanaharusi


Kibiti, 23 Januari 2025

Dada yangu Mwanaharusi,

Shikamoo. Barua yako kanipa Twalha wa boti ya Nyamisati, imelowa pembe lakini inasomeka. Sisi hatujambo. Warda anapumzika nyumbani siku hizi, si jambo kubwa. Tasnim jino moja limetokeza, la pili bado halijaamua. Dukani spea za pikipiki zinatoka. Mwezi huu sitaweza kuja. Kazi.

Sasa kipimo. Usiwaache waseme mapepo. Kile ni kitu chepesi: vijiti viwili viko ndani ya maji, na umeme mdogo wa betri unajaribu kuvuka kutoka kijiti kimoja kwenda cha pili. Maji matamu yanauzuia, maji ya chumvi yanaupitisha. Basi. Kikisema uongo, uongo huo umeingilia kwenye vijiti au kwenye waya. Mimi nilitumia misumari, na msumari wenye umeme ndani ya maji huliwa upesi. Tafuta betri za tochi zilizokufa, zile nene, zipasue. Katikati kuna kijiti cheusi cha makaa. Toa viwili, visugue, vifunge mahali pa misumari, viachane upana wa vidole viwili. Kisha kausha maungio ya waya uyazungushie mpira wa tyubu ya baiskeli, ukaze mpaka maji yasione njia. Tazama pia kama kaa wametafuna waya.

Na kila kikiwaka nyekundu, niandikie ilikuwa siku gani, na maji yalikuwa yanajaa au yanapwa. Fundi asiyejua ugonjwa unakuja lini hutibu upepo.

Dada, mimi na hii michezo yangu ya waya, toka utotoni watu wa kwetu wananicheka. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kunipigia makofi. Nisaidie nisiyapoteze.

Nduguyo,
Tamimu


Mbwera, 16 Februari 2025

Mdogo wangu,

Assalaam alaikum. Tumepata mvua kidogo, mto umekuja na maji machache mwaka huu. Mpunga umesimama lakini una kiu. Mudrick ana shughuli zake, anatoka na kurudi, juzi kaniletea kamba wakubwa nikawapika kwa nazi. Warda bado anapumzika? Mapumziko gani hayo yasiyokwisha? Niandikie.

Nimefanya yote. Kuruthumu alinishikia waya mimi nikakaza mpira, hata mikono ikanuka betri siku nzima. Kwa wiki nzima kisanduku kilikaa kimya kama mtu aliyeonywa. Halafu kikarudia ile ile. Umetaka siku, siku zake ni hizi: Ijumaa ile niliyokwambia, Ijumaa ya mwisho wa Januari, na juzi, Ijumaa tena. Zote mchana, maji yakiwa yanajaa, tena maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Katikati hapo kimya.

Watu sasa wanasema hata kipimo kinajua siku ya kuswali.

Mwanaharusi


Kibiti, 23 Februari 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Kamba hao wa nazi nimewalilia. Warda ataamka, inshallah. Tasnim meno yote mawili yameota, sasa anang'ata kila kitu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kuna ugonjwa mmoja wa hivi vifaa: waya ukikatika ndani kwa ndani, kisanduku hakipati jibu kutoka majini, basi kinabuni. Kinasoma hewa. Kwa hiyo nimempa Twalha kirizista kidogo chenye miguu miwili. Kifunge kati ya waya wa njano na waya mweusi, kitakishika kisisome hewa.

Lakini nakwambia kweli, sidhani kama ndiyo dawa. Waya uliokatika haujui Ijumaa. Haujui bamvua. Na yule mzee kuonja maji matamu hakunitulizi, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito, hupita chini, na matamu yakaelea juu yake. Abdulswamadu kaonja ya juu. Vijiti vyangu viko chini.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, pima kwa ndoo. Ndoo moja ya maji ya mvua, moja ya maji ya mtoni, na moja utie chumvi ya jikoni. Tumbukiza vijiti katika kila ndoo, tena na tena. Kikikosea, tatizo ni langu. Kikisema kweli, basi kilikuwa kinasema kweli siku zote, na chumvi inaingia mferejini kwa njia nyingine. La pili, kutoka kwenye dungu lako la kufukuzia ndege unaliona tuta lote linalotenga mfereji na mkono wa bahari. Ijumaa, watu wakiwa msikitini, nani anakuwa kule?

Tamimu


Mbwera, 3 Machi 2025

Tamimu,

Ramadhani karim kwako na kwa watu wako. Sisi tumefunga. Goti halijambo.

Umeniuliza nani anakuwa kwenye tuta Ijumaa. Huku Ijumaa watu wanaswali, kama hapo Kibiti mnafanya mengine sijui. Mimi napika. Sikai kwenye dungu kumlinda mtu.

Kirizista nimekifunga. Juzi Ijumaa kisanduku kimewaka tena. Nadhani ni jua. Mchana jua linakipiga kile kisanduku mpaka hakishikiki, hata mtu angechanganyikiwa.

Ndoo sijapata nafasi, mwezi wenyewe ndio huu.

Watu wamechoka, Tamimu. Kila kikipiga kelele wanafunga mlango na mpunga unakosa maji. Nikipita wananyamaza. Wewe uko mbali, mimi ndiye ninayepita. Hicho kidude kifanye kitulie. Wewe si ndiye uliyekiwekea akili? Ipunguze.

Mwanaharusi


Kibiti, 12 Machi 2025

Dada Mwanaharusi,

Shikamoo, na saumu njema. Hapa wazima.

Jua haliwezi. Nimeweka kisanduku kama hicho juani uani kwangu, nikakiacha toka asubuhi, nacho kikasoma vilevile.

Hata hivyo nimefanya ulivyotaka. Twalha anakuletea kibao kipya cha kuweka ndani ya kisanduku. Hiki hakiamini haraka. Kikiona chumvi kinasubiri, kinapima tena na tena, na kama chumvi ni ya muda mfupi kinaipuuza na taa inabaki kijani. Mpaka chumvi ikae sana ndipo kitawaka nyekundu.

Nisikilize vizuri hapa. Kibao hiki ni dawa kwa kipimo kinachosema uongo. Kwa kipimo kinachosema kweli ni sumu, maana chumvi itaingia huku taa inacheka. Kwa hiyo pima ndoo kwanza, hata kama ni baada ya kufuturu. Ndoo zikisoma vizuri, usikifunge. Mrudishie Twalha. Zikisoma vibaya, kifunge. Huna haja hata ya kuniandikia. Nikiona kibao hakikurudi, nitajua ndoo zilisoma vibaya, na roho yangu itatulia.

Tamimu


Mbwera, 20 Aprili 2025

Tamimu,

Assalaam alaikum. Idi ilipita salama. Zawadi ya Tasnim nilimkatia gauni, nitalituma siku moja.

Mpunga umekufa.

Bamvua hili lililopita tuta lilibomoka upande wa mkono wa bahari. Maji yalijaa mchana, mlango uko wazi, taa ya kijani. Abdulswamadu alikuwa amekaa karibu kabisa na kisanduku, akikitazama, kwa sababu ulimwambia aiamini taa yake. Kilipokuja kuwaka nyekundu maji yalishafika kwangu, kwa Kuruthumu, kwake na kwa wote wa chini yetu. Sasa mashamba yamekauka rangi ya mkeka wa zamani. Mpunga ulikuwa umeanza kutoa mashuke. Ukilivunja shuke unakuta tupu.

Kuruthumu alikaa kwenye tope akawa anaita mama yake, na mama yake alikufa zamani. Abdulswamadu aliking'oa kisanduku na nguzo yake, akakipondaponda kwa jembe, na kila akipiga anataja jina lako.

Wanasema umewaua. Mimi nilirudi kupika.

Usije kwa sasa.

Mwanaharusi


Kibiti, 4 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Hiyo ni ya umri wako.

Barua yako ilinilaza kitandani. Sikufungua duka. Nilirudia hesabu zangu zote nikitafuta nilipokosea, na mke wangu akanikuta nimeshika kichwa kwa mikono miwili. Nilijua ni mimi. Nilianza hata kumwandikia Mzee Abdulswamadu barua ya kumwomba radhi.

Jumatano Kuruthumu kaja dukani. Alimleta mwanawe hospitali. Alisimama mlangoni, kiti akakataa.

Akasema, "Kaka Tamimu, mimi mambo ya waya siyajui. Nieleze kitu kimoja tu. Kile kipimo kilisoma ndoo zote sawasawa. Kwa nini ukakibadilisha?"

Nikamuuliza, "Ndoo zipi?"

"Zile tulizopima mimi na dada yako kabla ya Ramadhani. Ya mvua kijani, ya mto kijani, ya chumvi nyekundu. Tulirudia mpaka tukachoka, hakikukosea hata mara moja. Akaniambia, 'Nitamwandikia.' Hakukuandikia?"

Nikamwambia, "Alinambia hakupata nafasi."

Kuruthumu akasema pale tuta lilipobomoka walikuta maganda ya mikoko na mchirizi wa mtumbwi mzito, pamefukiwa na kufukuliwa mara nyingi, tope jipya juu ya tope jipya. Wao wanadhani ni watu wa kupita. Mimi sidhani. Najua nani amerudi kutoka Kiongoroni mwezi wa kwanza, na najua kamba wa nazi hawatoki kwenye mfereji wa mpunga. Jina sitaliandika. Liandike wewe.

Ulikuwa unajua. Ulikuwa unanitazama napasua kichwa kwa ajili ya misumari na jua na rizista, na ulikuwa unajua. Nikakupa njia ya kunidanganya bila hata kutumia wino, ukaipita.

Na kwa kuwa ulikuwa unauliza kwa nini siji: Warda mimba ilimlaza tangu Januari, ikatoka Februari, na damu ikakataa kukatika. Sikutaka kukutia hofu na goti lako. Barua zile za ndoo na vijiti niliziandika nimekaa pembeni ya kitanda chake.

Tamimu


Mbwera, 1 Juni 2025

Mdogo wangu,

Assalaam alaikum. Mfikishie Warda pole yangu, au usimfikishie, utakavyoona. Ningekuwa najua ningepanda boti siku hiyohiyo. Na wewe ulificha, Tamimu.

Jina ni Mudrick. Nimeliandika.

Ijumaa ile ya kwanza nilikuwa kwenye dungu nafukuza ndege. Nikamwona anachimba tuta. Nikashuka mbio, nikamkuta na mtumbwi umejaa boriti za mikoko, anataka kuupitisha mferejini atokee upande wa mto. Nikamwambia, "Mudrick, unaingiza chumvi!" Akanijibu, "Mama, kwenye mkono mkubwa kuna boti ya walinzi wa misitu. Hapa bamvua linanibeba, watu wako msikitini, napita mara moja, nikishapita nafukia. Unataka wanikamate kama baba?"

Wewe ulikuja kumzika shemeji yako. Hukumwona aliporudi kutoka kifungoni kwa boriti zilezile, anakohoa, hawezi kunyanyua kikombe. Mimi ndiye niliyemlisha kwa kijiko mpaka akaisha. Mudrick alipotaja jina la baba yake nikaishika fimbo yangu nikarudi kupika. Kila Ijumaa ya bamvua nikawa napika.

Kibao chako kilipofika nilikiweka chini ya godoro siku kadhaa. Nikasema kesho nitamrudishia Twalha. Kisha Abdulswamadu akasema watamweka mtu akae kwenye tuta Ijumaa, aangalie kipimo kinaona nini. Siku hiyo nikakifunga. Taa ikatulia, na wao wakaacha habari ya mlinzi. Nilikuwa nimechagua, na nilijua nachagua nini. Nilidhani tutapata hasara kidogo tu, kila mtu kidogo. Sikujua tuta limeshaoza kwa kuchimbwachimbwa.

Mudrick nilimwambia nitasema. Akaniambia, "Ukisema huna mwana." Asubuhi yake hakuwepo. Wapo wanaosema yuko Kilwa, wapo wanaosema Mafia. Mimi sijui.

Nikasema. Alhamisi baada ya alasiri nilimwita Kuruthumu, Abdulswamadu na wenzao wote wa mfereji, wakakaa barazani kwangu, nikawaambia kwamba Tamimu hana kosa, kipimo kilikuwa kinasema kweli, aliyechimba ni mwanangu na aliyekinyamazisha ni mimi. Abdulswamadu alilia kwa sababu ya kile kisanduku alichokiponda. Hakunitazama. Mmoja akauliza kama nitamtaja Mudrick serikalini, nikasema hayo waamue wao. Kuruthumu hakunitukana. Aliingia jikoni kwangu, akachukua beseni lake nililoliazima, akatoka nalo. Tangu siku hiyo hajapita tena mlangoni kwangu.

Tuta nalijenga mwenyewe. Nabeba tope kidogokidogo, goti halitaki. Wao wanajenga upande wao na mimi upande wangu.

Njoo, Tamimu. Uwafungie kipimo kingine, mwaka huu ujao wasipande kwa kubahatisha. Uje unione na mimi.

Dada yako,
Mwanaharusi


Kibiti, 15 Juni 2025

Dada Mwanaharusi,

Shikamoo. Idi ilitukuta wazima. Warda ameanza kupika mwenyewe, na Tasnim anatembea kwa kushika ukuta. Pole yako nilimfikishia, akaipokea.

Mzee Abdulswamadu kanipigia simu kutoka Nyamisati. Hakuwa na maneno mengi. Nilimwambia hakuna neno.

Kipimo kipya nimekitengeneza. Kina vijiti viwili juu na viwili chini, kisidanganywe na maji yanayoelea, na ndani yake hakuna subira: kikiona chumvi kinasema hapohapo, hata ikiwa ya kupita. Nitakuja nacho Julai, siku moja tu, nikifunge na kurudi kwa boti ya jioni. Kitakuwa mikononi mwa Kuruthumu na ufunguo wa kisanduku atakaa nao yeye. Nimeshaongea naye. Wewe usikiguse, hata kukifuta vumbi.

Umeandika kwamba na mimi nilificha. Kweli. Lakini kwa nilichoficha mimi halikufa hata shuke moja.

Kusamehe tumeamrishwa, basi kwa ajili ya Mungu nimekusamehe, na siku ya hesabu sitasimama kukudai. Kwa ajili yangu mimi mwenyewe, bado. Nikifika Julai nitakuamkia mbele za watu kama inavyopasa, nawe utaitikia, na tukibaki wawili usiniulize kitu.

Tamimu